Shiku Anapata Nini? Urafiki wa Vijana na Muundo wa Ngano katika Filamu ya Soul Boy

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu linaloanza hivi: "Kuna maudhui ya urafiki. Fulani na fulani ni marafiki. Wao ni marafiki wa dhati. Urafiki wao unaonekana wanapokuwa pamoja." Mimi nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuliandika nikiwa nimefumba macho. Mtahiniwa huyu si mvivu. Ameisoma kazi, anawajua wahusika kwa majina, na ukimuuliza ana kwa ana atakusimulia msuko mzima bila kukosea. Tatizo lake ni kuwa anadhani maudhui ni jina la kutajwa, ilhali mtahini anatafuta tendo. Ameutaja urafiki mara nne na hajauthibitisha hata mara moja.

Katika makala haya nakusudia kukuonyesha jinsi nilivyolikabili tatizo hili kwa kutumia filamu moja ya hapa kwetu, Soul Boy, iliyotolewa mwaka wa 2010. Wewe mtahiniwa unayesoma, nakupa tahadhari mapema: filamu hii si kitabu teule na haina nafasi katika majibu yako ya karatasi ya 102/3. Itazame ili ujifunze kuona. Majibu uyatoe katika vitabu ulivyoagizwa.

Filamu yenyewe

Soul Boy imeelekezwa na Hawa Essuman, naye Billy Kahora ndiye aliyeiandika. Kahora utamkumbuka kama mhariri wa jarida la Kwani? na mwandishi wa hadithi fupi. Jambo hili lina uzito, kama nitakavyoeleza. Ilitengenezwa Kibera, chini ya ulezi wa mwelekezi wa Kijerumani Tom Tykwer, katika mradi wa kuwanoa Wakenya waliokuwa wakiingia katika utengenezaji wa filamu. Haikuwa kazi ya fedha nyingi. Waigizaji wake wakuu hawakuwa nyota waliojulikana: Samson Odhiambo anaigiza Abila, na Leila Dayan Opollo anaigiza Shiku. Mwaka huo huo wa 2010 ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Rotterdam kule Uholanzi, na mwaka wa 2011 ikateuliwa kuwania tuzo za filamu za Afrika, yaani AMAA.

Urefu wake ni kama dakika 60. Kwa mwalimu wa shule ya upili hili si jambo dogo: vipindi viwili vya dakika 40 vikifuatana vinatosha kuitazama na kubakiza muda wa maswali, mradi umeme usikatike na projekta isikubali kusumbuliwa na vumbi.

Kisa chake ni hiki. Abila ni kijana wa miaka 14 anayeishi na wazazi wake Kibera. Asubuhi moja anamkuta baba yake amejikunyata, anaweweseka, anasema kuwa roho yake imeibwa. Abila anachanganyikiwa, lakini hakubali kuketi akimtazama mzazi akiharibika. Kwa msaada wa Shiku, msichana wa rika lake, anakuja kufahamu kwamba baba aliipoteza roho hiyo kwa kucheza kamari, akiwa na mwanamke asiye wa kawaida. Anamsaka mwanamke huyo hadi anampata. Huyo ndiye Nyawawa. Naye hamrudishii kijana roho ya baba bure. Anampa majaribu saba ayatimize. Kuanzia hapo Abila anazunguka huku na huko mjini, na mtazamaji anazunguka naye. Kama aliyatimiza yote au la, sitakusimulia. Tazama.

Ngano iliyohamia mjini

Ukisoma muhtasari huo tena polepole, utagundua kuwa umewahi kuusikia. Kuna kupotea kwa kitu cha thamani. Kuna shujaa mchanga anayeondoka nyumbani kukitafuta. Kuna kiumbe mwenye uwezo usio wa kibinadamu, na masharti, na idadi maalumu, saba. Hii ni ngano. Ina motifu ya safari na motifu ya msako, zile zile tunazozifundisha katika fasihi simulizi kila mwaka kwa mifano ya mazimwi na misitu mikubwa, mpaka mwanafunzi wa Nairobi anaamini kuwa ngano ni mali ya nyanya yake wa mashambani na haimhusu.

Mrusi Vladimir Propp, katika kazi yake ya mwaka 1928 kuhusu umbo la ngano, alionyesha kuwa wahusika wa ngano hutambulika kwa kazi wanayoifanya katika msuko kuliko kwa sura au majina yao. Wapo mhasimu, mtoaji anayemjaribu shujaa kabla ya kumpa anachohitaji, msaidizi, na wengineo. Sikushauri umfundishe Propp kwa jina katika Kidato cha Tatu. Lakini wazo lake linafaa sana. Ukimuuliza mwanafunzi, "Nyawawa ni nani?" atakujibu "ni mchawi", na hapo umefika ukingoni. Ukimuuliza, "Nyawawa anafanya kazi gani katika msuko?" ataanza kuona kwamba mhusika mmoja amebeba kazi mbili zinazovutana: yeye ndiye anayeishikilia roho ya baba, na yeye ndiye anayeonyesha njia ya kuirudisha. Ni mhasimu na ni mtoaji.

Jina lenyewe nalo tusilipite. Miongoni mwa Waluo wa kando ya Ziwa Victoria, nyawawa ni pepo wanaosemekana kupita usiku. Watu husikia kelele zao, kisha hutoka na kugonga sufuria, madebe na mabati ili kuwafukuza. Angalia mambo mawili hapa. Kwanza, Kahora hakuichukua imani hiyo kama alivyoikuta. Pepo wanaopita kwa kundi amewafanya mwanamke mmoja anayekaa mahali na kuzungumza. Mwanafunzi anayejua imani ya asili ataweza kuonyesha kilichobadilishwa, na kuonyesha kilichobadilishwa ndiyo maana ya kuuhakiki ubunifu. Msichana mmoja aliyekulia Mombasa aliinua mkono papo hapo akatueleza habari za yule jini wa kike mrembo anayekutana na wanaume usiku, ambaye mtu hutazama chini akaona kwato badala ya nyayo. Darasa likachangamka. Tulikuwa tumeanza kulinganisha visakale na imani za jamii mbili bila mtu yeyote kutangaza kuwa sasa tunalinganisha.

Jambo la pili ndilo lililonipeleka kwenye mada ya makala haya. Kugonga sufuria si kazi ya mtu mmoja. Jirani akigonga, nawe unagonga, na kelele zinakwenda kutoka boma hadi boma mpaka pepo wameondoka. Kijiji kizima kinashiriki kuwafukuza. Abila yuko Kibera, katikati ya nyumba zilizobanana kuliko za kijiji chochote, na mabati ya kugonga yamejaa kila upande. Lakini janga lililomfika baba yake ni la nyumba moja. Hakuna anayegonga. Anaye Shiku.

Msaidizi anayedai na msaidizi asiyedai

Baada ya kuitazama filamu, niliwapa wanafunzi dakika tano wasizungumze, kila mmoja aandike swali moja analotaka kulijibu. Maswali mengi yalikuwa ya kutarajiwa: Je, roho inaweza kuibwa? Je, filamu hii inaunga mkono ushirikina? (Hili ujiandae nalo, maana mzazi fulani anaweza kukupigia simu jioni.) Kisha nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake yalikuwa maneno matatu: "Shiku anapata nini?"

Nilikaa nalo swali hilo kwa muda. Baba ni wa Abila. Roho iliyopotea ni ya baba wa Abila. Majaribu saba amepewa Abila. Abila akishinda, nyumba itakayopona ni ya Abila. Shiku hana hisa katika jambo hili hata kidogo.

Katika ngano zetu, msaidizi aghalabu hana budi kuwa na sababu. Shujaa anamwokoa mdudu anayezama, na baadaye wadudu wanamjia usiku kumchagulia nafaka zilizochanganywa. Anampa kikongwe chakula, naye kikongwe anamfunulia siri. Ni deni linalolipwa. Au msaidizi ni mzimu wa mzazi aliyekufa, na hapo ni damu inayosukuma. Hata paa katika kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar, alinunuliwa na maskini kwa thumuni iliyookotwa jaani. Paa yule anamwoza bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana apate jumba la kuishi, kisha anapougua bwana hamjali, na akifa anatupwa kisimani. Naye bwana anaishia kurudi alikotoka, jaani. Kisa hicho kinauliza swali lile lile la mwanafunzi wangu, ila kutoka upande wa pili: msaidizi alistahili kupata nini, na ninyi mlimpa nini?

Shiku hakununuliwa, hadaiwi, na si wa ukoo wa Abila. Hapo ndipo ninapoona kuwa filamu hii imefanya jambo ambalo ngano ya kijijini haikuhitaji kulifanya. Mjini, ambako shangazi anaishi mtaa mwingine na nyanya yuko safari ya usiku kucha kwa basi, nafasi ya msaidizi imeachwa wazi. Filamu inaijaza kwa rika. Mtoto wa jirani, wa umri ule ule, asiye na nguvu za ajabu wala siri aliyorithishwa, anaingia mahali palipokuwa pa mzimu, kikongwe na mnyama anayesema. Kile anachompa Abila ni cha kawaida kabisa: kumwamini, na kutembea naye.

Sasa rudi kwa mtahiniwa wetu wa mwanzoni. Akiandika "Shiku ni rafiki wa Abila", ametaja. Akiandika "Shiku anamsaidia Abila kuufahamu ukweli kuhusu kilichompata baba, ingawa yeye mwenyewe hana faida yoyote katika jambo hilo", amethibitisha, na neno "rafiki" halimo hata kidogo. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo, inayoanza na "ingawa", ndiyo yenye uhakiki. Nawaambia wanafunzi wangu waitafute hiyo "ingawa" katika kila hoja ya maudhui. Anafanya nini, ingawa nini? Amani na Imani katika Kidagaa Kimemwozea, Tunu na Sudi katika Kigogo: kila mmoja wao anamfanyia mwenzake jambo fulani, na kila jambo lina gharama au hatari iliyolizunguka. Usipoitaja gharama, umesimulia. Ukiitaja, umehakiki.

Majina mawili

Kuna gharama moja ambayo mtazamaji wa Rotterdam angeweza kuipita bila kuiona, lakini Mkenya haipiti. Ni majina. Shiku ni kifupi cha Wanjiku. Abila ni jina la Kiluo, na Nyawawa ametoka katika imani za Waluo. Filamu ilitoka mwaka 2010. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoumia sana. Majirani walihama kwa sababu ya majina yao, na njia za kupita ziligawanyika kwa makabila. Reli inayopita katikati ya Kibera iling'olewa. Miaka miwili baadaye unaletewa kwenye skrini msichana anayeitwa Shiku akimsindikiza mvulana anayeitwa Abila katika vichochoro vile vile.

Hapa nataka uwe mwangalifu, mwalimu. Ni rahisi sana kuligeuza jambo hili kuwa hotuba ya utangamano wa kitaifa, na wanafunzi wakishaisikia sauti hiyo ya hotuba wanafunga masikio. Uzuri wa uteuzi wa majina katika kazi ya fasihi ni kwamba unafanya kazi bila kupiga kelele. Mimi huuliza tu: "Mngewapa majina gani mngekuwa ninyi waandishi? Kwa nini?" Kisha nanyamaza. Darasa langu lina wanafunzi wa makabila zaidi ya kumi, na kimya kilichofuata swali hilo kilikuwa kirefu kuliko nilivyozoea. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2008, au walikuwa wachanga. Lakini walijua tulikuwa tunazungumzia nini. Watoto husikia mambo nyumbani.

Mtahiniwa, lichukue funzo la kiufundi hapo. Majazi hayaishii kwenye majina kama Kigogo au Mstahiki Meya yanayotangaza sifa ya mwenyewe. Jina la kawaida kabisa, likiwekwa kando ya jina jingine la kawaida kabisa, linaweza kubeba historia ya mahali. Muktadha ndio unaolijaza.

Kwa nini nasema ni hadithi fupi

Nilisema kuwa kazi ya Kahora kama mwandishi wa hadithi fupi ina uzito. Filamu ya saa moja inalazimika kuishi kwa kanuni za hadithi fupi: tukio moja kuu, wahusika wachache waliokuzwa, fundo moja linalokazwa mapema. Hapa fundo linakazwa asubuhi, mara Abila anapomkuta baba. Hatusimuliwi maisha ya ndoa ya wazazi tangu walipokutana. Hatusimuliwi Abila na Shiku walijuana lini. Wakati tunapokutana nao urafiki tayari upo, kama vile katika hadithi fupi nzuri mambo huwa yameanza kabla ya ukurasa wa kwanza.

Hata uchache wa fedha umesaidia, kwa maoni yangu. Kazi isiyo na uwezo wa kujenga majumba ya bandia inalazimika kutumia mahali palipopo, na Kibera kama mandhari inasema mengi bila msimulizi. Katika riwaya mwandishi anahitaji aya nzima kukueleza kuwa njia ni nyembamba. Katika filamu watu wawili wanapishana, mmoja anageuka ubavu, na umeelewa. Hili ni zoezi zuri la ufupisho: mpe mwanafunzi picha moja ya filamu, umwambie aiandike kwa sentensi tatu bila kutumia neno "maskini" wala "mtaa wa mabanda". Utashangaa. Watakaofaulu ni wale wanaotazama vitu, si wale wenye misamiati mizito. Wale walimu wenzangu wanaoandaa michezo na filamu za wanafunzi kwa ajili ya tamasha za kitaifa nao wangefaidika. Aghalabu tunaandika filamu za shule zenye mahakama, hospitali, ikulu na ajali ya barabarani, kisha tunalia kwamba hatuna vifaa.

Suala la lugha sitalikwepa, ingawa sitalirefusha. Filamu inazungumza Kiswahili cha Nairobi, na Sheng' imo. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba nawaharibu watoto. Jibu langu ni kuwa usemi wa wahusika ni sehemu ya usawiri wao. Abila akizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, hakuna atakayemwamini. Tunapofundisha isimujamii tunawaambia wanafunzi kuwa lugha hubadilika kulingana na mahali, uhusiano na umri, kisha tunakataa kuwaonyesha ikibadilika. Mimi huwapa kazi ya kuandika upya mazungumzo mafupi ya vijana wawili katika Kiswahili sanifu, halafu tunajadili kilichopotea na kilichopatikana. Daima kuna kilichopotea. Daima pia kuna kilichopatikana, na hapo ndipo wanapoanza kukiheshimu Kiswahili sanifu kwa hiari yao.

Ajabu na uhalisia

Mwanafunzi ataendelea kukusumbua: je, roho ya baba iliibwa kweli, au mzee alikuwa amelewa tu? Usimjibu upesi. Filamu imejengwa ili pande zote mbili zisimame. Mandhari yake ni halisi hata unaweza kupanda matatu ukaenda kuyaona, na ndani yake kuna kiumbe asiyeweza kuelezeka. Ndio mtindo ambao wahakiki wetu wameuita uhalisiamazingaombwe, unaopatikana pia katika riwaya kama Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Jambo la kumsisitizia mwanafunzi ni kwamba katika mtindo huu la ajabu huja kulitaja lile ambalo lugha ya kawaida imeshindwa kulitaja. Mtu aliyepoteza fedha zote za nyumba katika kamari, akaketi pembeni asimtazame mkewe wala mwanawe usoni, unamwitaje? Daktari ana jina lake. Mhubiri ana lake. Abila analo hili: baba hana roho.

Filamu ilipotoka mwaka 2010, kamari ya simu ilikuwa bado haijaenea nchini kama ilivyoenea miaka iliyofuata. Kwa hiyo wanafunzi wa leo wanaielewa sehemu hii kwa kasi kuliko watazamaji wake wa kwanza. Nilipouliza kuna kamari za aina gani, niliorodheshewa nyingine ambazo sijawahi kuzisikia, na mengine yalisemwa kwa ujuzi ulionitia wasiwasi.

Karatasi iliyokunjwa mara nne

Wiki iliyofuata niliwapa zoezi la kuandika, kwa mtindo wa mtihani: "Kwa kurejelea filamu uliyoitazama, thibitisha kuwa urafiki ni maudhui muhimu. (alama 10)." Niliweka sharti moja, kuwa neno "rafiki" na neno "urafiki" yasitumike baada ya sentensi ya kwanza. Walilalamika kama wametwishwa majaribu saba. Lakini majibu yalikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimepata muhula huo, kwa sababu sharti lile liliwanyang'anya mahali pa kujificha. Ikawabidi waandike nani alifanya nini, na ingawa nini. Nakuhimiza ulijaribu kwa maudhui yoyote. Ufisadi bila neno "ufisadi". Ubabedume bila "ubabedume".

Kijana mmoja hakuleta kazi. Nilimwita pembeni baada ya vipindi nikitarajia kisingizio cha kawaida. Akaniambia kuwa alianza kuandika akashindwa, maana baba yake huwa hivyo hivyo. "Mkeka ukichanika, Mwalimu, anaweza kukaa hata siku mbili bila kuongea." Sikujua la kusema, na nadhani nilisema jambo la kijinga kuhusu kumwona mwalimu wa ushauri nasaha. Kisha, ili kuvunja kimya, nikamuuliza kama yeye ndiye aliyeandika lile swali lililokunjwa mara nne.

"Si mimi," akasema. Akataja jina la msichana anayekaa dawati la nyuma yake, wa ploti moja na wao. Siku ambazo kwao hakulaliki, husomea kwao msichana huyo, mezani pamoja na wadogo zake, mpaka saa nne usiku. Mama wa msichana hajawahi kuuliza kwa nini.

Alikuwa bado hajamaliza. "Naye nilikuwa nimemuuliza mimi kwanza, Mwalimu. Nilimuuliza, wewe unapata nini? Hakunijibu. Nikaona ameandika."

Nilimwongezea siku mbili za kumaliza kazi. Aliileta ikiwa ukurasa mmoja na nusu. Aya yake ya pili ilianza na neno "ingawa", na nikampa alama 9 kwa sababu alisahau kutaja mfano wa tatu.